Kurasa Nilizoziruka Nikikusomea

Masika, mwanangu wa kwanza,

Mama yako amefunga begi lako, akalifungua, akalifunga tena. Ya shuka, ya dawa za malaria, ya kumpigia shangazi simu ukifika chuo cha polisi, yote amekwambia, na kesho asubuhi atakwambia upya. Sina la kuongeza hapo. Nimeketi barazani, mwanga wa jioni bado unatosha, malori yanayotoka mpakani Mpondwe yanapanda mlima kwa gia ndogo, nami nimeomba nisiitwe mpaka nimalize. Utaisoma barua hii njiani. Tangu Jumapili nimejaribu kukwambia haya kwa mdomo, nikashindwa. Mimi, ambaye watu wa Bwera huniita niwasemee harusini na mazikoni, nimekosa sauti mbele ya binti yangu.

Jumapili ile unaikumbuka. Tulikuwa mezani, baba yako mdogo Bwambale akikutania kama kawaida yake. "Afande, sogeza chumvi. Ama mpaka nilete barua ya mwenyekiti wa kijiji?" Ukampigia saluti kwa kijiko, tukacheka sote. Halafu, kicheko hakijaisha vizuri, ukasema huku ukitazama sahani: "Nikishavaa zile nguo, Mzee Thembo atajua mimi ni mtoto wa nani." Bwambale akapiga meza kwa furaha. Mama yako akasema, "Kuleni, chakula kinapoa." Mimi nikanyamaza, na kila aliyekuwapo akauchukua ukimya wangu kuwa ni idhini.

Ukimya ule haukuwa idhini. Nilikuwa nimeitambua sentensi yako. Ilitoka kwangu, ikapitia kwenye kitabu, ikakulia ndani yako mpaka ikawa na sauti yako.

Nilianza kukusomea riwaya ile ya kale ya Kifaransa ulipokuwa unaanza kung'oka meno ya mbele. Kifaransa sikukufundisha, jambo la aibu kwa mtu aliyekula mshahara wa kukifundisha, kwa hiyo nilikuwa nikiusoma mstari kimya kisha nakupa kwa Kiswahili, nawe umelala kifudifudi mkekani, nyayo zikitazama dari. Baharia kijana anakamatwa siku ya karamu ya uchumba wake, kwa shitaka la uongo lililotungwa na watu waliokula naye. Anatupwa katika gereza la kisiwani na kusahauliwa. Anatoroka, anapata utajiri, anarudi na jina jingine, anaanza kuwalipa mmoja mmoja. "Halafu?" ulikuwa ukiniuliza kabla sijameza mate. Na siku moja ulipotaka kujua kwa nini baba anakipenda kitabu hiki kuliko vyote, mama yako alijibu kwa niaba yangu: "Kwa sababu hata yeye walimfunga bure."

Jibu lile lilikuwa kweli, Masika, ila halikuwa kweli yote. Nakupa iliyobaki.

Wajua jinsi tunavyoishi na vanila hapa. Ua hufunguka asubuhi moja tu, mkono wa mtu ukichelewa kulichavusha limekwisha, na ganda likishatunga hukaa miezi juu ya mmea likimsubiri mwenyewe au mwizi. Ndiyo maana kila nyumba ina kizibo chake kilichopigwa pini, na ganda likiwa bado changa na kijani tunalidunga alama. Doa hilo halifutiki. Ganda likikua, nukta zinatanuka nalo. Likipikwa na kukaushwa, bado zinasomeka. Na kikundi chetu cha wakulima wa vanila kilikuwa na sheria moja ambayo hata watoto waliijua: alama haiazimwi. Anayeazima na anayeazimwa, wote wanatolewa kikundini.

Mimi niliazima. Hilo sikukwambia kamwe. Msimu ule pini za kizibo changu zilikuwa zimekatika, fundi alikuwa ng'ambo ya mpaka, na mstari wangu wa chini, ule unaopakana na shamba la Thembo, ulikuwa na maganda yasiyo na alama. Thembo alikuwa rafiki yangu. Nilimwita kupitia ua wa michongoma.

"Nipe kizibo chako, nimalizie mstari huu."

"Mwalimu, hiyo wanakataza."

"Nani atakuja kuhesabu nukta huku chini? Wakati wa kuvuna nitakuwa nawe, tutatenganisha sisi wenyewe."

Alitazama pande zote mbili za njia, kisha akanirushia. Kwa hiyo mstari wangu ukavaa alama yake. Kabla ya mavuno wezi wakapita shambani kwake, upekuzi ukafanywa nyumba kwa nyumba, na maganda yenye nukta za Thembo yakakutwa yanakaushwa kwangu. Wakamleta Thembo. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mama yako alikuwa amesimama nawe mlangoni. Nilimwambia, "Ndugu yangu, waeleze." Akatazama mikeka yangu ya kukaushia, akatazama wanakikundi, akasema: "Mimi sijui hiyo maneno. Alama ni yangu. Yeye aseme iliingia kwake namna gani."

Kwa miaka mingi nilidhani alisema hivyo kwa chuki. Leo nadhani aliogopa kutolewa katika kikundi, wala hakujua kuwa neno lile dogo lingenifikisha mahabusu. Lakini nami nilikuwa na neno langu dogo. Ningeweza kusema palepale, "Niliazima, nilimshawishi, sheria nimeivunja mimi." Sikusema, kwa sababu nilikuwa mwalimu na sikutaka kuonekana mvunja sheria. Nilipolisema mbele ya polisi, lilikuwa limeshachacha, likasikika kama uongo wa mtu aliyebanwa.

Mahabusu ndiko nilikokutana na kitabu. Kilikuwa cha mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, tuliyemwita Papa Kasereka, mtu mnene mwenye kikohozi, aliyekamatwa kwa sababu ya mzigo ambao hakuufunga yeye. Macho yake yalikuwa yamechoka, akanipa nimsomee, na wenzetu wakataka wasikie, nikawa mfasiri wa chumba kizima. Kila mara baharia alipompata adui, watu walipiga makofi mpaka askari akagonga mlango. Papa Kasereka peke yake hakupiga. Nilimuuliza.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo fasi ni mahali, "weye unapenda fasi anapiga bantu. Miye napenda fasi anaanza kuogopa. Ule mutu iko na akili mingi, lakini moyo yake imekauka kama samaki."

"Lakini wanastahili."

"Banastahili, ndiyo. Soma tu. Soma polepole, usiruke."

Kesi ilianguka kwa kukosa shahidi. Nikatoka, Papa Kasereka akaniachia kitabu, na shuleni hawakunirudisha. Sikumpiga Thembo, sikumtukana, sikukata mche wake hata mmoja. Watu wakasema Mwalimu ana subira. Ilikuwa subira kweli, lakini ya chui. Nilikuwa nimejifunza kwa baharia yule kwamba mtu mwenye akili hashiki panga. Huwangoja adui zake mahali ambapo sheria yenyewe itamfanyia kazi. Nikafufua shamba. Nikajitolea kuandika barua za kikundi, kupatanisha, kusema mbele ya wageni. Mwishowe wakanichagua mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye huwa na neno la mwisho kuhusu alama.

Muhindo, mtoto wa Thembo, alikuwa kijana wa sekondari wakati huo, anasoma bweni Kasese mjini. Baba yake alikuwa amempa mistari michache iwe mali yake, imlipie mwaka wa mwisho. Akajiunga kwa jina lake, na alama yake mwenyewe. Siku ya ukaguzi maganda yake yakazua maneno: nukta zilikuwa zimebanana, hazikutanuka, maana yake zilidungwa ganda likiwa limeshakua. Kila mkulima anajua ni nani hudunga alama mwishoni. Ni mwizi, anapotaka cha mwenzake kionekane chake.

Muhindo akaeleza kwamba alichelewa kwa sababu ya mitihani, kwamba alipata ruhusa siku moja tu, akaja moja kwa moja shambani akadunga, akarudi shule. Wakamuuliza nani alimwona. Akageuka kwangu.

"Mwalimu alipita njiani. Nadhani Mwalimu aliniona."

Nilikuwa nimemwona, Masika. Nilipita na baiskeli, yeye yumo ndani ya mistari yake, shati jeupe la shule limeshikwa na utomvu, kizibo mkononi, ganda kwa ganda. Alininyanyulia mkono, nami nikanyanyua wangu.

Kikao kizima kilikuwa kinanitazama. Thembo alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Nikajibu kwa ile sauti yangu ya mikutano, ile wanayoisifu: "Ndugu wanachama, jambo zito kama hili halitaki kubahatisha. Mimi siwezi kusema kwa hakika."

Hapakuwa na uongo ambao mtu angeweza kuunyoshea kidole. Wakamsifu mwenyekiti kwa uangalifu wake. Vanila ikachukuliwa, jina la kijana likafutwa. Tulipotoka alinifuata, macho mekundu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wasingya, Mwalimu. Angalau wewe hukunisema vibaya." Alikuwa ananishukuru. Nyuma yake akaja baba yake, akasubiri mtoto aende mbele, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa:

"Sasa tuko sawa, Mwalimu? Ama bado?"

Nikamwambia, "Kikao kimefungwa, Mzee."

Muhindo hakurudi shule. Alikwenda Hima, akapata kazi ya kupakia saruji kwenye malori, na yuko huko mpaka leo.

Siku ileile nilirudi nyumbani nikala vizuri. Sitakudanganya: nilisikia utamu. Halafu ukaja na mkeka wako, ukasema, "Baba, tuliishia pabaya," nikafungua kitabu mahali tulipoishia. Na kurasa zilizofuata zilikuwa hizi ambazo hukuzisikia.

Katika kurasa hizo, kisasi cha baharia kinamfikia mtoto. Ni mtoto wa mmoja wa maadui zake, mdogo, ambaye wakati baharia anafungwa alikuwa hajazaliwa hata kuwaziwa. Hakuna aliyemlenga. Lakini mtego uliotegwa nyumbani kwa baba hauulizi umri wa anayepita, na mtoto anakufa. Baba aliyerukwa na akili anamwonyesha mgeni wake maiti ile, na yule mgeni aliyekuwa akijiona mkono wa Mungu duniani anatoka ndani ya nyumba hiyo akiwa si mkono wa mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza anajiuliza ni nani alimpa ruhusa. Anakwenda kulitazama tena gereza lake la zamani, atafute humo hasira ya kumtosha kuendelea, na hata huko hapati hasira yote aliyokuwa nayo. Mmoja wa adui zake, aliyemwacha wa mwisho, anamwachilia.

Nilizisoma kimya, nimefumba midomo. Ukaniuliza, "Halafu?" Nikashika karatasi zile zote pamoja, kama mtu anavyoshika majani ya ng'ombe, nikazigeuza. Nikakwambia, "Halafu akawamaliza wote, akapanda jahazi lake, akaenda zake." Ukapiga makofi. Ulikuwa na furaha, ukalala palepale.

Kwa hiyo ulikua na nusu ya kitabu. Mtoto mwingine angesahau, lakini wewe hukusahau. Ulipochagua polisi, watu wakasema umefuata wito. Mimi peke yangu nilijua kwamba nusu ya wito huo ni hadithi niliyoikata ili nisijione ndani yake.

Sikwambii kwamba dhulma haina malipo. Nilikaa mahabusu, najua harufu yake. Kitabu chenyewe hakisemi waovu waachwe, wala mimi sitaki uvae sare ile uwe mpole kwa wezi na wanaopiga wake zao. Ninalokwambia ni dogo kuliko hilo, na nimelilipia. Haki na kisasi huvaa nguo moja, hukaa kiti kimoja, husema maneno yaleyale ya heshima. Siku ile mimi mwenyewe sikuweza kuvitofautisha kwa kujitazama, kwa sababu kila nilichofanya kilikuwa ndani ya taratibu. Nilichopaswa kufanya ni chepesi mno: kuinuka, kusema, "Huyu ni mtoto wa mtu ninayemchukia, mwingine akalie kiti hiki," na kwenda kukaa kwenye benchi pamoja na mashahidi. Ukiletewa faili lenye jina linalokufanya moyo uende mbio, mpe mwenzako. Akija Thembo kituoni kwako kulia kwamba ameibiwa, andika maneno yake yote, hata yale yasiyokupendeza. Usimpe zaidi, usimpunguzie.

Jumanne nilikwambia nakwenda Kasese kutafuta miche. Nilikwenda Hima. Nilimkuta Muhindo kwenye kibanda cha chakula karibu na geti la kiwanda, yeye na wapakiaji wenzake, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, ugali wa posho na maharage mbele yao.

"Muhindo, mwalimu wako huyo," mmoja akasema. "Amekuja kusahihisha hesabu."

"Achana naye," mwingine akadakia, "huyu kijana hata kuhesabu mifuko anashindwa, lori ya jana aliongeza mmoja."

Muhindo akacheka, akanifutia benchi kwa kofia yake. "Kaa, Mwalimu. Suti yako itakuwa nyeupe, lakini hapa ndiyo sare." Akaniagizia chai kabla sijakataa. Ameoa, ana watoto wawili, anasema bosi wao si mbaya. Nikangoja wenzake warudi kazini, ndipo nikamwambia. Sikutumia ile sauti yangu ya mikutano.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Uliniona? Kwa macho yako?"

"Nilikuona. Ulininyanyulia mkono."

"Nilikuwa na shati ya shule."

"Lilikuwa limeshika utomvu."

Akasogeza sahani mbali. Lori moja lilipita, akaliangalia mpaka likaingia barabara ya Fort Portal. "Na mimi miaka yote hii nasema Mwalimu ni mtu mzuri. Bibi yangu nimemwambia. Mtoto yangu wa kwanza nilitaka kumpa jina yako, mama yake akakataa." Akanigeukia. "Sasa unaleta kwangu nifanye nini? Nikusamehe, upande gari, urudi kwako ulale?"

Nikamwambia sikuja kuomba kulala. Nimekuja ajue.

"Mimi siko padri, Mwalimu. Hiyo neno ulisema mbele ya watu. Irudishe mbele ya watu. Mimi nitakuja kusikia."

Akavaa kofia, akaenda. Chai alikuwa ameshailipia.

Kikundi kitakutana Jumamosi. Nimewaandikia wanachama kwamba nina jambo, na kwamba siku hiyo makamu wangu ndiye atakayeongoza. Nitaeleza nilichokiona nikiwa juu ya baiskeli na nilichokisema nikiwa kwenye kiti. Nitaeleza pia kwamba zamani niliazima alama. Nitakaposema ni ya nani, watanigeukia wakitaka nimseme Thembo, na hapo ndipo nitakapohitaji nguvu kuliko pote, kwa sababu ukweli huo ungeweza kuwa pigo langu la mwisho kwake, safi kabisa, mbele ya kila mtu. Nitawaambia nilimshawishi rafiki aliyesita. Alichokisema yeye baadaye mlangoni kwangu ni chake. Akitaka kukisema atakisema, asipotaka nitaondoka nacho.

Wanaweza kunitoa katika kikundi. Sheria inawaruhusu, na nimeitetea sheria hiyo kwa ufasaha mwingi. Mama yako anajua. Nilipomweleza alipepeta mchele wote, kisha akasema, "Nitakupigia pasi shati lile la bluu."

Habari zitakufikia huko chuoni, na zitakuwa zimeongezwa chumvi, nawe nakujua: damu itapanda, utatafuta ruhusa urudi kunitetea, utapiga simu kuuliza ni nani amemsema baba vibaya. Usiombe ruhusa, Masika. Kaa darasani. Ukiambiwa kwamba mwalimu wa Bwera ametajwa mbele ya watu kuwa alimnyima kijana haki yake, usiulize nani alisema. Nilisema mimi.

Baba yako